Jogoo Tuliyempa Yesu

Mwaka huu ujumbe wa kwanza wa Krismasi uliingia kwenye simu yangu mwezi wa kumi. Duka moja la viatu lilinitakia heri na kunikumbusha nisimsahau yule nimpendaye. Sijawahi kununua hata kamba ya kiatu katika duka hilo, kwa hiyo badala ya kufurahi nilikaa nikijiuliza ni nani aliyewapa namba yangu. Mimi ni mtu wa kushuku, na niseme tangu mwanzo kwamba sijazeekea tabia hiyo, nilianza nayo. Wiki ile ile nilipita soko la Nakawa, hapa Kampala, upande wa kuku, pale wanapowachovya kwenye pipa la maji ya moto kabla ya kuwanyonyoa. Harufu ya manyoya yaliyolowa ikanipanda puani, nikasimama katikati ya watu na kikapu changu. Nilimkumbuka mama, ambaye hayupo tena, na nilimkumbuka jogoo aliyetufanya sote tuonekane wezi mbele ya Mungu, au ndivyo nilivyoamini nikiwa na miaka minane.

Tulikaa kambi ya polisi. Baba alikuwa askari, Mwislamu wa Arua, na mama alikuwa Mkatoliki wa Gulu. Kambini jambo hilo halikumshangaza mtu, kwa kuwa karibu kila nyumba ilikuwa na mchanganyiko wake. Nyumba yenyewe ilikuwa kile kibanda cha bati cha duara wanachokiita mama-ingia-pole, kwa sababu mlango wake ni mfupi na mtu mzima asipoinama anaumia. Mchana kilikuwa kinachemka, usiku kinapoa upesi, na mvua ikinyesha hamsikilizani. Nyumbani tulisema Kiswahili, kile cha kambini kisichojali sana sarufi, kwa kuwa ndiyo lugha pekee ambayo baba na mama walikutana nayo katikati.

Baba alinipa jina la CID. Nilikuwa nikimuuliza aliyetoka ametoka wapi, na aliyebeba kitu amebeba nini, na kwa nini kimefunikwa. Alipokuwa nyumbani jambo hilo lilimchekesha sana. Lakini mwaka ninaousimulia hakuwa nyumbani. Walikuwa wamempeleka Karamoja, kwenye kazi ya kukimbizana na wezi wa ng'ombe, na tulimsikia mara moja kwa wiki kwenye simu ya jirani, sauti yake ikikatika katikati ya upepo.

Kisha mwezi wa kumi na moja wakaleta jeneza. Halikuwa la kwetu. Lilikuwa la askari wa nyumba ya nne kutoka yetu, aliyeondoka kwenye lori moja na baba. Nakumbuka harufu ya vanishi ya ule ubao kuliko ninavyokumbuka kilio. Jioni ya siku hiyo mama alipiga magoti kando ya kitanda, na mimi nikiwa nyuma ya pazia nikamsikia akisali kwa Kiswahili. Siku za kawaida alisali kwa Kiacholi. Nadhani aliona kwamba jambo la baba ni la serikali na linahitaji lugha ya serikali.

"Bwana, huyu mume wangu ni mtu ya kazi," alisema. "Umrudishe nyumbani mzima. Krismasi hii itakuwa yako peke yako. Hata ile jogoo, ni yako."

Jogoo mwenyewe tulimwita Inspekta, kwa jinsi alivyopita mbele ya nyumba za watu kifua mbele akikagua. Tulikuwa tumemfuga tangu Pasaka kwa ajili ya sufuria ya Krismasi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha pumba. Nilipomsikia mama akimtoa hivihivi, bila kuniuliza, nilikasirika kwanza. Halafu nikaanza kufikiri, na kufikiri kwangu kulikuwa kubaya kuliko hasira. Nikaelewa kwamba maisha ya baba yamewekwa upande mmoja na Inspekta upande wa pili, na kwamba Mungu amesikia.

Kuanzia hapo mama aligeuka mtu mwingine. Alitangaza kwamba mwaka huo hakuna nguo mpya. Msomaji aliyekulia Kampala anajua uzito wa maneno hayo. Kila siku ya Krismasi watoto wa kambi nzima walitoka na magauni yanayonuka duka bado, miwani ya plastiki ya rangi, saa za plastiki zisizotembea na puto mkononi, wakapita mstari kwa mstari ili waonekane. Mtoto aliyetoka na gauni la zamani aliulizwa na kila mtu kama mama yake ni mgonjwa. Mama akasema pia hakuna soda, hakuna keki, hakuna puto. Tulisali rozari kila jioni mpaka magoti yangu yakawa na alama ya jamvi. Nilipolalamika aliniuliza siku hiyo anazaliwa nani, mimi au Yesu. Bado nilimshuku. Majirani walisema chinichini kwamba mama anaficha umaskini kwa dini, na nilikuwa karibu kuwaamini.

Shaka yangu kubwa, hata hivyo, ilikuwa juu ya Inspekta. Nilitaka kujua Yesu angempokea vipi. Mama alisema anapokelewa kanisani, kwenye matoleo. Nikamuuliza nani anampokea kwa mkono. Akasema padri. Nikamuuliza padri akishaondoka na pikipiki yake, nani anabaki na kuku. Hapo mama alikoroga posho, ule ugali wetu, kwa nguvu kidogo, akasema anabaki Katekista Ssimbwa, na kwamba huyo Ssimbwa watu wote wanajua anakula vya Mungu, lakini hiyo ni shauri yake na Mungu wake.

Katekista Ssimbwa aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya kanisa letu dogo, njia ya kwenda Kyambogo. Alitufundisha katekisimu Jumamosi, alifagia, alipiga kengele, alizika watu padri akiwa mbali. Alikuwa mwembamba sana, na huo wembamba ndio ulionitia wasiwasi zaidi. Kwa akili yangu, mtu anayekula kuku wa watu mwaka mzima bila kunenepa lazima ana siri kubwa. Jumamosi nilikaa kiti cha mbele nikimchungulia meno na vidole, nikitafuta mafuta. Sikuyaona, na nikahesabu kwamba ni mjanja.

Siku mbili kabla ya Krismasi baba akarudi. Aliinama mlangoni na begi lake, akiwa na vumbi la Karamoja kwenye nyusi, na mdogo wangu Rajabu alilia kwa sababu hakumtambua. Mama alimshika mikono yote miwili, akaitazama kama anayehakikisha vidole vimetimia. Baba alikuwa na likizo fupi. Mwaka mpya ukishapita angerudi huko huko. Nilifurahi sana, lakini nilijua pia kwamba Mungu ameshatimiza upande wake, na sasa imebaki zamu yetu.

Asubuhi ya Krismasi tulikwenda misa na nguo za zamani zilizopigwa pasi. Nilitembea nikitazama chini ili nisione magauni ya wengine. Baba alitusindikiza mpaka kwenye uzio wa kanisa, akabaki nje na wanaume wengine wa Kiislamu walioleta familia zao, kama alivyofanya kila mwaka. Wakati wa matoleo watu walikwenda mbele na ndizi, mayai, miwa, fenesi zima juu ya kichwa cha mzee mmoja. Mama alimbeba Inspekta amefungwa miguu. Padri akamgusa kichwa, akamkabidhi kwa Ssimbwa, naye akamweka kando ya altare, ambako aliwika mara mbili wakati wa kimya na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliona kitu kimetimia, nikapumua vizuri kwa mara ya kwanza tangu lile jeneza lije.

Miaka mingine mama alikimbia nyumbani misa ikiisha tu, aende kupika. Mwaka huo hatukuwa na cha kukimbilia isipokuwa maharage, kwa hiyo tukabaki, na ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kile ambacho wakubwa wote walikijua. Ssimbwa alitoka na vile vitu vyote tulivyompa Yesu, akavipanga chini mbele ya mlango wa kanisa, akaanza kuvipigia mnada. Ndizi zikauzwa. Fenesi likauzwa. Watu walipandisha bei wakitaniana, na Ssimbwa akapokea noti na kuzitia katika kikapu. Kisha akamnyanyua Inspekta kwa miguu, kichwa chini, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa ng'ambo ya uzio, mkono wa baba.

Mama mmoja mwenye gomesi ya kijani, lile gauni refu la mabega yaliyochongoka, alipandisha bei. Baba akapandisha tena, na tena, mpaka yule mama akacheka na kuacha. Inspekta akapitishwa juu ya uzio. Nilimgeukia mama nikitegemea atapiga kelele, atamzuia. Alikuwa anatabasamu.

Niliona yote wazi, kama CID aliyepata kesi yake. Walikuwa wamepanga. Mama alimpa Mungu jogoo mbele ya watu, na baba alisimama nje kumchukua tena, na Ssimbwa ndiye mtu wao wa katikati. Walimdanganya Mungu mchana kweupe, siku ya mtoto wake, na Mungu hakuwa mjinga. Mwaka mpya baba anarudi Karamoja.

Nyumbani baba alimgeuza Inspekta kuelekea kibla, akasema bismillahi, akachinja, halafu majirani wawili Wakristo wakaleta wa kwao awachinjie, ili siku hiyo mtu yeyote kambini aweze kula kwa mwenzake bila swali. Ndivyo ilivyofanyika kila Krismasi na sikuwahi kuona ubaya. Lakini siku hiyo nilisimama karibu na karai la maji ya moto, katika mvuke wa manyoya, nikamwambia baba kwamba huyo ni kuku wa Mungu.

"Alikuwa wa Mungu," alisema. "Sasa nimenunua, CID. Yesu mwenyewe ameniuzia."

Alisema kwa kicheko, akanipigia saluti kwa mkono uliolowa damu. Nilitamani kumwambia acha kucheka, Mungu anasikia. Sikuweza, kwa sababu ningelazimika kumwambia na lile ninaloliogopa, na niliona nikilitamka litakuwa kweli.

Mchana tulikaa kwenye mkeka na sinia la wali. Mama alinipa paja, akasema ni la yule aliyemlisha Inspekta. Nyumba nzima ilinukia vitunguu. Rajabu alikuwa na mafuta mpaka masikioni, baba alikuwa akisimulia habari za ng'ombe, na mimi nilimtazama kila tonge alilomeza nikahisi ninamwona anakufa kidogo kidogo. Walipogeuka nililitia lile paja katika kavera, mfuko wa plastiki, nikaomba ruhusa ya kwenda chooni, nikatoka mbio mpaka kanisani.

Sikuwa na mpango mrefu. Nilifikiri tu kwamba kama wamekula sehemu yote ya Mungu, basi hii moja aipate, na labda angeona kwamba kuna mtu katika ile nyumba ambaye hakuwa mwizi. Kanisa lilikuwa tupu. Mbele kulikuwa na hori la majani ya migomba makavu, na ndani yake kichanga cha udongo kilichokatika kidole. Nililiweka lile paja kando yake, juu ya majani, nikapiga magoti na kumwambia Yesu kwamba ni lake, asikubali baba auawe.

Nyuma yangu sauti ikauliza habari ya Krismasi. Isipokuwa alisema "habali", kwa kuwa Ssimbwa alikuwa Mganda kwa kabila, na r na l zilimtoroka mara kwa mara. Alikuwa mlangoni na ufagio. Nilishikwa na hofu, halafu hofu ikanifungulia mdomo, nikamwambia yote nikilia. Nadhiri ya mama, jeneza la nyumba ya nne, mnada, baba. Nikamwambia hata kwamba namjua yeye, kwamba watu wote wanajua anakula kuku za Yesu.

Hakukasirika. Alikaa kwenye benchi la mbele, ufagio kati ya magoti.

"Mtoto wa Afande," alisema, "baba yako hakunyang'anya Mungu. Alimpa mara ya pili. Mama alitoa kuku, baba akatoa pesa, na pesa imeenda na padri. Wewe unafikiri Mungu ameibiwa wapi?"

Nikamwambia sijui, lakini siamini.

"Kira mtu haamini," alisema. Kisha akatazama horini. "Hii umereta ni ya Yesu kabisa? Hutaichukua tena?"

Nikaapa sitaichukua. Akainuka, akapiga goti mbele ya hori, akalitoa lile paja na kulipangusa majani. Akala. Alikula amesimama, haraka, mbele ya macho yangu, nyama, gegedu, mpaka akautafuna mfupa na kuunyonya. Nilimtazama nikijiambia haya, nimemkamata. Ndiyo, nilikuwa sahihi muda wote. Ila alivyokula sivyo nilivyokuwa nimefikiria. Nilikuwa nimewaona watu wanaokula kwa uroho na watu wanaokula kwa wizi, na huyu alikula kama baba alivyokula jioni ile aliyoingia kutoka safari, mkono mmoja ukishikilia ukingo wa benchi.

"Sasa amekula," aliniambia alipomaliza. "Tangu jana, hiki ndicho cha kwanza. Nenda nyumbani. Baba yako hatakufa kwa sababu ya kuku."

Nilirudi mbio, na ule uzito ulikuwa umenitoka. Sitamfanya msomaji ahangaike: baba alikwenda Karamoja mwaka ulipoanza, na alirudi, na yuko Arua leo akilalamika juu ya magoti yake. Lakini siku hiyo sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba lile paja limepokelewa. Mama alikuwa amenitafuta chooni na kwa majirani, na alinishika mkono kwa hasira. Nikamsimulia. Nilitegemea afurahi kwamba sasa tuna shahidi, kwamba Ssimbwa nimemwona kwa macho yangu. Aliniuliza swali moja tu, kama nina hakika alisema tangu jana. Nikasema nina hakika.

Mama alikaa kwenye kigoda. Akamwuliza baba ni nani kambini aliyemkaribisha katekista Krismasi. Baba akasema hajui, yeye ni Mwislamu. Mama akataja nyumba za Wakatoliki moja moja kwa kidole, akafika ya mwisho, kidole kikabaki hewani. Akainuka akapakua wali katika sufuria ndogo, akaweka mchuzi, shingo, bawa na kilichobaki cha kifua, akafunga kwa kitambaa. Jua lilikuwa bado juu ya miti ya Kyambogo tulipofika mimi naye kwa Ssimbwa.

Alitufungulia, akatukaribisha kwa heshima, akapangusa kigoda. Chumba kilikuwa na kitanda, jiko la makaa lisilo na majivu na picha ya Bikira Maria. Mama akamwambia tumemletea chakula cha Krismasi. Ssimbwa aliitazama ile sufuria bila kunyoosha mkono.

"Asante sana, nnyabo," alisema, yaani bibi kwa Kiganda. "Weka hapo tu. Nitakula baadaye."

Hata mimi niliyajua maneno hayo. Mama alitufundisha kuyasema popote tulipopewa chakula na mtu tusiyemwamini, kwa kuwa Kampala watu huogopa sumu kuliko wanavyokiri. Yeye aliyatambua papo hapo. Niliona shingo yake inakuwa ngumu, na nikadhani atachukua sufuria yake tuondoke. Badala yake alikaa sakafuni, akafungua kitambaa, akafinya tonge la wali na kipande cha kifua, akala. Akamega na mchuzi, akala tena, taratibu, akimwangalia usoni. Kisha akanipa mimi, nikala.

Ssimbwa alishusha macho. Alisema tumsamehe, mwaka mwingine aliletewa chakula akaugua wiki nzima, na mtu anayesemwa kama yeye hawezi kujua nani anamchukia.

"Na mimi nilikusema," mama alisema. "Hata mbele ya huyu mtoto. Mimi pia."

Ssimbwa alinawa mikono, akakaa karibu na sufuria, akaanza kula. Mpaka leo sina ushahidi kama mtu yule aliwahi kuchukua hata yai la kanisa. Ninachojua ni kwamba kambi nzima ilikuwa imemshuku kwa miaka, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kumfikiria ana njaa, hata mama, ambaye mwaka ule hakutaka Krismasi yetu iwe na mtu mwingine yeyote ila Yesu.

Tulirudi na sufuria tupu. Karibu na lango la kambi mama alipunguza mwendo, akaniuliza kama lile paja langu nalo, Ssimbwa alitaka nilionje kwanza. Nikamwambia hapana, hakungoja, alikula tu. Mama akasimama pale pale njiani akalia, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikumuuliza kwa nini.